Wataalamu wa usalama wa kritikaliti hufanya kazi gani hasa, na kwa nini wana umoja wao?

Mwalimu wa Fizikia, Songea

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha fizikia katika shule ya sekondari hapa mkoani Ruvuma, na swali ninalolileta limetoka kwa mwanafunzi wangu wa kidato cha nne. Tulikuwa tumemaliza mada ya mpasuko wa viini, nami nilikuwa nimeeleza jinsi nyutroni moja inavyopasua kiini cha urani-235, kiini hicho kikatoa nyutroni mbili au tatu, nazo zikaenda kupasua viini vingine. Akanyoosha mkono, akauliza: ikiwa urani ya Mto Mkuju kule Namtumbo itachimbwa na kulundikwa mahali pamoja, kisha mvua kubwa ikalinyeshea lundo hilo, ni kitu gani kitakachouzuia mmenyuko mfululizo usianze wenyewe? Nilimjibu kwamba jambo hilo haliwezekani, lakini sababu niliyompa haikuniridhisha hata mimi mwenyewe.

Katika kutafuta jibu, nilikuta kwamba ndani ya Chama cha Nyuklia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1954, ipo idara nzima ya wataalamu wanaoshughulikia usalama wa kritikaliti peke yake, yaani kuuzuia mmenyuko mfululizo usijianzishe mahali usipotakiwa: katika viwanda vya fueli, katika maabara, katika maghala na njiani wakati wa kusafirisha. Nilishangaa, kwa kuwa nilidhani kazi hiyo ni ya wahandisi wa vinu vya nyuklia. Naomba mwenye ujuzi anifafanulie mambo mawili. Kwanza, kwa nini eneo hili limetengwa na fizikia ya vinu hata likawa na wataalamu wake, viwango vyake na mikutano yake? Pili, umoja wa aina hiyo hufanya nini hasa siku hadi siku?

Mhandisi wa usalama, ughaibuni

Mwalimu, heshima yako. Nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa katika kiwanda cha fueli huko Amerika ya Kaskazini, na nitakujibu kwa kadiri ninavyoifahamu.

Ndani ya kinu, mmenyuko mfululizo unatarajiwa. Kuna vijiti vya kuudhibiti, kuna kuta nene za kuzuia mionzi, na kuna watu waliofunzwa wanaotazama vipimo usiku na mchana. Katika kiwanda cha kutengeneza fueli hakuna hata kimoja kati ya vitu hivyo. Kuna mabomba, matangi, ndoo, unga na vimiminika, na kuna mtu aliyesimama umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye chombo. Mmenyuko ukianza hapo, hata kwa sekunde moja, mtu huyo hana kinga yoyote. Mhandisi wa kinu huyaongoza mapasuko ya viini, na sisi tunahakikisha kwamba hayaanzi kabisa. Kwa sababu hiyo namna ya kufikiri ni tofauti, na hata hesabu zenyewe hufanywa kwa tahadhari ya aina nyingine.

Jambo linalowashangaza wengi ni jinsi tungamo la hatari linavyobadilika kufuatana na mazingira. Tufe la metali ya urani iliyorutubishwa sana, yaani iliyoongezewa sehemu ya urani-235, likiwa peke yake hewani, huhitaji takriban kilo 50 ili lifikie kritikaliti, yaani hali ambayo mmenyuko mfululizo hujiendeleza wenyewe. Urani hiyohiyo ikiyeyushwa katika maji, na maji yakaizunguka pande zote, chini ya kilo moja ya urani-235 inatosha. Hidrojeni iliyomo ndani ya maji hupunguza kasi ya nyutroni, na nyutroni za mwendo wa polepole hupasua viini vya urani-235 kwa urahisi mkubwa zaidi. Maji yaliyo nje ya chombo nayo huzirudisha ndani nyutroni zilizokuwa zinatoroka. Mwili wa binadamu, ambao sehemu kubwa yake ni maji, hufanya kazi hiyohiyo. Tarehe 2 Januari 1958, katika kiwanda cha Mayak kule Urusi, wafanyakazi waliokuwa wamemaliza jaribio walikifungua chombo chenye myeyusho wa urani na kukiinamisha kwa mikono ili wakimwage. Umbo la kimiminika lilibadilika kilipoinama, miili yao iliyokuwa imekizunguka chombo ikazirudisha nyutroni, na watatu kati yao walifariki dunia katika muda wa siku chache.

Kwa hiyo tunapotazama kazi yoyote, hatuishii kuuliza ni kilo ngapi zilizopo. Tunauliza pia ni kiwango gani cha urutubishaji, ukolezi wa myeyusho ni upi, chombo kina umbo gani, vyombo vimeachana umbali gani, kuna nini karibu chenye maji au plastiki, na je, kuna boroni au kitu kingine cha kufyonza nyutroni. Katika hayo yote, umbo ndilo rafiki yetu mkubwa. Myeyusho ukiwa katika bomba jembamba, nyutroni nyingi hutoroka kupitia kuta kabla hazijapasua kiini kingine, na bomba hilo linaweza kuwa refu upendavyo bila hatari. Mimina myeyusho uleule katika tangi pana, na nyutroni zinabaki ndani.

Sasa nije kwenye umoja wenyewe. Kazi yake kubwa, kwa maoni yangu, ni viwango. Wanachama, ambao wengi wao hujitolea, hukaa katika kamati pamoja na watu wa viwandani, wa maabara za taifa, wa vyuo vikuu na wa mamlaka za udhibiti, na hubishana juu ya sentensi moja hata kwa miaka, kwa kuwa sentensi hiyo itakuja kusomwa na mtu ambaye hawakuwahi kuonana naye, akiwa mbele ya tangi ambalo hawakuwahi kuliona. Mfululizo wa viwango hivyo hujulikana kwa namba 8, ikitanguliwa na ANS, kifupi cha jina la Chama hicho kwa Kiingereza: ANS-8.1 ndicho cha msingi, ANS-8.3 kinahusu ving'ora, ANS-8.19 kinahusu uongozi na utaratibu wa kazi, na ANS-8.20 kinahusu mafunzo. Humo ndimo ilimo kanuni tunayoitegemea kuliko zote, kwamba kazi ipangwe kwa namna ambayo ajali haiwezi kutokea mpaka mambo mawili yasiyotarajiwa, yasiyotegemeana, yaharibike kwa wakati mmoja. Kosa moja la mtu, au kifaa kimoja kilichoharibika, lisitoshe kumuua mtu yeyote.

Kazi ya pili ni kutunza kumbukumbu. Mwaka 2000 maabara ya nyuklia ya Los Alamos, Marekani, ilitoa ripoti iliyoandikwa na Wamarekani na Warusi kwa pamoja, jambo ambalo miaka kumi na mitano kabla ya hapo lisingewezekana, na ripoti hiyo ilieleza ajali 60 za kritikaliti, ambazo 22 kati yake zilitokea katika mitambo ya uchakataji. Katika hizo 22, watu 9 walipoteza maisha. Ajali 21 zilihusu vimiminika, na moja tu ilihusu metali ngumu. Mtu aliyeisoma ripoti hiyo hawezi tena kuitazama ndoo kama alivyokuwa akiitazama zamani.

Ipo pia kazi ya tatu, ambayo watu wa nje hawaioni. Kompyuta zetu hukokotoa kama mpangilio fulani uko salama, lakini kompyuta nayo inahitaji kupimwa kwa majaribio halisi. Tangu miaka ya 1990, wataalamu wa nchi zaidi ya 20 wamekuwa wakikusanya majaribio ya zamani, wakiyachunguza upya, na kuyachapisha ili kila mmoja aweze kuzipima hesabu zake. Maelfu ya mipangilio imeshahifadhiwa kwa njia hiyo. Mengine yalikuwa katika madaftari ya watu waliokwisha kustaafu au kufariki, na bila juhudi hiyo yangepotea kabisa.

Mkaguzi mstaafu wa mionzi, Arusha

Mwalimu, mhandisi amekujibu vizuri, ila swali la mwanafunzi wako bado halijaguswa, na mimi naliona ni swali la mtoto mwenye akili nzuri.

Urani inayotoka ardhini leo, iwe ya Namtumbo, ya Bahi, au ile iliyokuwa tajiri mno ya Shinkolobwe kule Katanga, ina urani-235 takriban asilimia 0.72 tu. Sehemu nyingine, isipokuwa chembe kidogo sana, ni urani-238, ambayo hufyonza nyutroni nyingi bila kuendeleza mmenyuko. Maji ya kawaida hupunguza kasi ya nyutroni, lakini yenyewe nayo hufyonza baadhi yake. Ukijumlisha hasara hizo, nyutroni zinazobaki hazitoshi kuuendeleza mnyororo, hata ukilundika mlima mzima na ukanyeshewa mwaka mzima. Ili urani ya asili ifikie kritikaliti huna budi kutumia grafiti safi sana au maji mazito (maji yenye hidrojeni nzito, ambayo hufyonza nyutroni chache mno), na kuipanga urani ndani yake kwa vipimo maalumu. Huo ni mtambo unaojengwa kwa makusudi, na mvua haiwezi kuujenga. Shida ya kritikaliti huanza baadaye, urani inaporutubishwa.

Ila mwambie pia kwamba swali lake lingekuwa na jibu jingine miaka bilioni mbili iliyopita, na kwamba ushahidi uko hapahapa barani Afrika. Mwaka 1972, Wafaransa walipokuwa wakipima urani iliyotoka Gabon, waligundua kwamba urani-235 ilikuwa pungufu kidogo kuliko inavyopasa. Walipofuatilia, walikuta kwamba katika machimbo ya Oklo mmenyuko mfululizo uliwahi kujiwasha wenyewe ndani ya mwamba. Urani-235 huoza haraka kuliko urani-238, kwa hiyo zama zile sehemu yake ilikuwa zaidi ya asilimia 3, karibu sawa na fueli ya vinu vya leo. Maji yalipenya ndani ya madini, yakapunguza kasi ya nyutroni, mmenyuko ukaanza. Joto lilipoyageuza maji kuwa mvuke, ukazimika. Maji yaliporudi, ukawaka tena. Hali hiyo iliendelea kwa mamia ya maelfu ya miaka. Yaani alichokiwaza mwanafunzi wako, lundo la urani na maji ya mvua, ndicho hasa kilichotokea.

Naomba jibu hili lisichukuliwe kuwa machimbo ya urani hayana madhara. Yana vumbi, yana gesi ya radoni, yana maji machafu ya mabaki ambayo yakiachwa ovyo huingia kwenye visima, na urani yenyewe huumiza figo kama metali nyingine nzito. Wananchi wanapouliza juu ya hayo wana haki ya kujibiwa. Kritikaliti tu ndiyo isiyokuwamo katika orodha hiyo.

Mwalimu wa Fizikia, Songea

Nawashukuru sana, hasa kwa habari ya Oklo, ambayo nitaifundisha wiki hii hii.

Limebaki jambo moja linalonisumbua. Nimesoma juu ya ajali ya Tokaimura, nchini Japani, iliyotokea tarehe 30 Septemba 1999. Kufikia mwaka huo fizikia yenyewe ilikuwa imejulikana kwa zaidi ya nusu karne, viwango vilikuwapo, wataalamu walikuwapo, na Japani si nchi maskini wa elimu. Inakuwaje basi wafanyakazi wakamimina urani kwa ndoo ndani ya tangi? Je, hapo si mahali ambapo juhudi zote za wataalamu hawa zilishindwa?

Mhandisi wa usalama, ughaibuni

Mwalimu, swali lako ni zito na sitaki kulikwepa. Ndiyo, zilishindwa.

Katika kiwanda kile cha Tokaimura, cha kampuni ya JCO, wafanyakazi watatu walikuwa wakitayarisha myeyusho wa urani iliyorutubishwa hadi asilimia 18.8, kwa ajili ya kinu cha utafiti kiitwacho Joyo. Kikomo kilikuwa kilo 2.4 za urani kwa awamu moja. Utaratibu ulioidhinishwa ulitaka myeyusho upitie vyombo vyembamba, lakini kwa miaka kadhaa kiwanda kilikuwa kimeubadilisha utaratibu huo bila idhini ya serikali, na kuanza kutumia ndoo za chuma cha pua ili kazi iende haraka. Siku ile wakachagua tangi pana la kutengenezea mashapo, lenye kipenyo cha takriban sentimita 45, kwa kuwa humo kuchanganya kulikuwa rahisi. Walipofikia awamu ya saba, tangi lilikuwa na karibu kilo 16.6 za urani. Wakaona mwanga wa buluu, ishara kwamba mmenyuko umeanza. Tangi hilo lilikuwa limezungukwa na koti la maji ya kupozea, na maji hayo yakawa yanazirudisha nyutroni ndani, hivyo mmenyuko ukaendelea kwa karibu saa 20, mpaka koti lilipotolewa maji na asidi ya boriki ikamiminwa ndani ya tangi. Wafanyakazi wawili kati ya watatu walifariki, mmoja mwezi Desemba mwaka huo na mwingine mwezi Aprili mwaka 2000. Wakazi wa karibu walihamishwa, na watu wapatao 310,000 waliokuwa ndani ya kilomita 10 walishauriwa kubaki majumbani.

Kinachonichoma moyo mimi ni kwamba wale watatu walikuwa na kikomo cha kilo, lakini hawakuwa wamefundishwa ipasavyo sababu ya kikomo hicho wala sababu ya wembamba wa vyombo. Kwao chombo chembamba kilikuwa usumbufu tu. Miaka thelathini na mitano kabla ya hapo, tarehe 24 Julai 1964, jambo la namna hiyohiyo lilitokea Wood River Junction, katika jimbo la Rhode Island. Mfanyakazi alichukua chupa ya plastiki yenye kipenyo cha takriban sentimita 13, iliyokuwa salama kabisa kwa sababu ya wembamba wake, akidhani ina myeyusho hafifu, akaimimina ndani ya tangi lenye kipenyo cha sentimita 46. Myeyusho ulikuwa mkali. Alifariki baada ya saa 49. Chupa ilikuwa salama na mtu hakuwa mzembe. Kati ya chupa na tangi hapakuwa na kizuizi kingine isipokuwa lebo.

Niseme na la kwangu. Katika miaka yangu ya mwanzo niliandika kikomo kwa ajili ya chumba kimoja cha kazi: mistari minne, namba sahihi, na sababu haikuwamo hata moja. Miezi michache baadaye nilikuta beseni pana la plastiki chini ya kiungo cha bomba kilichokuwa kikivuja. Fundi aliyeliweka alikuwa mtu mwangalifu. Hakutaka sakafu ichafuke. Bomba lilikuwa jembamba kwa sababu za usalama, na beseni likaiondoa sababu hiyo bila yeye kujua, kwa kuwa mimi sikuwa nimemwambia. Kilichokuwa kimedondoka kilikuwa kidogo mno na hapakuwa na hatari siku ile. Nilikaa naye chini nikamchorea bomba na beseni, na jinsi nyutroni zinavyotoroka katika kimoja na kubaki katika kingine. Aliniuliza kwa nini hakuna mtu aliyewahi kumwonyesha mchoro huo. Tangu wakati huo sijaandika kikomo bila kwenda kwanza mahali penyewe, kuketi na wanaofanya kazi ile, na kuwauliza wao wanaona ni nini kinachoweza kuharibika.

Kwa hiyo ninapoulizwa umoja wetu unafanya nini, jibu langu siku hizi ni kwamba unajitahidi kuhakikisha sababu inafika mpaka mkononi mwa anayeshika ndoo. Katika mikutano yetu ya kimataifa, ambayo mwaka 2019 ilifanyika Paris na mwaka 2023 Sendai, nchini Japani kwenyewe, hesabu zinachukua sehemu kubwa ya ratiba, na mimi natamani mafunzo ya mafundi yapewe nafasi kubwa zaidi.

Mwanafunzi wa uhandisi, Nairobi

Samahani kwa kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Kenya imekuwa na mpango wa kujenga kinu cha nyuklia. Ikiwa fueli itanunuliwa nje ikiwa tayari imetengenezwa, je, elimu hii itatuhusu? Pia, mhandisi, ningependa kujua mfanyakazi anapaswa kufanya nini king'ora cha kritikaliti kinapolia.

Mhandisi wa usalama, ughaibuni

Karibu sana, na usiombe samahani.

Itawahusu, ingawa kwa sehemu ndogo kuliko nchi yenye viwanda vya fueli. Fueli mpya huhifadhiwa ghalani kabla ya kuingizwa kinuni, na fueli iliyotumika hukaa ndani ya mabwawa ya maji. Katika sehemu zote mbili mtu lazima ahesabu nafasi kati ya mafungu ya vijiti vya fueli, aamue kuta za boroni ziwekwe wapi, na ajue mapema ni nini kitatokea maji yakiingia pale ambapo hayakutarajiwa. Hata wazima moto wanapaswa kuelezwa kabla ya siku ya moto ni chumba gani kinaweza kumwagiwa maji na ni kipi hakiwezi. Nchi inayonunua fueli inahitaji angalau watu wachache wake wenyewe wanaoweza kuzikagua hesabu za muuzaji.

Kuhusu king'ora: ondoka mara moja, kwa njia fupi iliyowekewa alama, bila kuzima mashine, bila kuchukua koti, bila kuchungulia. Umbali ndio unaokuokoa, kwa kuwa mionzi hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali. Halafu usirudi mpaka walio na vipimo wakuruhusu. Mmenyuko unaweza kuzimika na kuwaka tena. Pale Wood River Junction, watu wawili walipoingia kulishughulikia tangi baada ya ajali, mmenyuko mwingine mdogo ulitokea, nao hawakuutambua wakati ule. Na Mayak, tarehe 10 Desemba 1968, baada ya mmenyuko wa kwanza watu wote walikuwa wameshaondoka, lakini msimamizi wa zamu alirudi chumbani ingawa alikuwa amekatazwa, akajaribu kukimwaga chombo chenye myeyusho wa plutoni, metali nyingine ambayo viini vyake hupasuka kama vya urani-235. Mmenyuko ukawaka tena akiwa mbele yake. Alifariki takriban mwezi mmoja baadaye.

Mwalimu wa Fizikia, Songea

Nimeunakili mchoro wa bomba na beseni ubaoni kama nilivyouelewa kutokana na maelezo yako, mhandisi. Mwanafunzi yule ameuliza tena, safari hii juu ya vyombo viwili vyembamba vikiwekwa bega kwa bega. Nimemwambia afikirie nyutroni zinazotoroka katika kimoja zinaelekea wapi, aniletee jibu Jumatatu.